Mgonjwa, Daktari na Simu: Jinsi Mitandao ya Kijamii Inavyoathiri Mtazamo wa Umma Kuhusu Migogoro ya Hospitalini

Siku hizi malalamiko dhidi ya mhudumu wa afya mara nyingi hufika kwenye simu za wananchi kabla ya kufika kwenye meza ya msimamizi wa hospitali. Picha ya foleni isiyosonga, sauti ya muuguzi akifoka au masimulizi ya familia iliyofiwa huwekwa kwenye Facebook, TikTok au X, kisha huingia katika vikundi vya WhatsApp vya mtaa, kanisa na chama. Kufikia jioni watu wengi wameshaamua ni nani mkosaji, ilhali hawajaona faili ya mgonjwa wala kumsikia aliyekuwa zamu.

Si kwamba malalamiko hayo ni ya uongo. Mengi yana msingi. Ripoti ya Wizara ya Afya iliyochunguza vifo 484 vya kina mama vilivyotokea mwaka wa 2014 iligundua kwamba katika takriban vifo 9 kati ya kila 10, huduma ilikuwa na kasoro ambayo pengine ingerekebishwa, matokeo yangekuwa tofauti. Mwananchi anayelalamika kuhusu hospitali ya umma anasema jambo ambalo hata serikali imelikiri kwa maandishi.

Suala ni kile kinachotokea baada ya lalamiko kuingia mtandaoni: ni sehemu gani ya kisa inayosambaa, ni ipi inayoachwa, na mgonjwa mwenyewe hupata nini mwishowe.

Video iliyofika mahakamani

Mnamo Agosti 2013, mama mmoja alijifungua sakafuni katika korido ya hospitali ya umma mjini Bungoma. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu huduma ya bure ya uzazi ianze katika vituo vya umma, Juni 1, 2013. Mama huyo alieleza kwamba alikosa kitanda katika chumba cha kujifungulia, akaanguka alipokuwa akirudi wodini, na alipozinduka akakuta wauguzi wakimfokea na kumpiga makofi. Hakujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akirekodi kwa simu. Picha hizo zilisambaa mitandaoni na kuonyeshwa kwenye runinga, na nchi nzima ikakasirika.

Kesi yake iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Bungoma Machi 2018. Mahakama ilisema haki zake za afya na utu zilikiukwa, ikaagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na aombwe msamaha rasmi. Hata hivyo, uamuzi haukuishia kwa wauguzi wawili wa korido ile. Mahakama ilizilaumu pia serikali ya kitaifa na ya kaunti kwa kutotenga rasilmali za kutosha na kwa kutosimamia ipasavyo utekelezaji wa huduma ya uzazi iliyokuwa imetangazwa.

Kisa hicho kinaonyesha nguvu ya simu na mipaka yake. Bila video, huenda mateso ya mama yule yangebaki kuwa neno lake dhidi ya neno la wahudumu. Lakini video ile haikuweza kuonyesha idadi ya vitanda, idadi ya wauguzi waliokuwa zamu, dawa zilizokosekana wala fedha ambazo hazikuwa zimefika. Mambo hayo yalijitokeza kwa viapo, nyaraka na mawakili, kwa zaidi ya miaka 4. Na mama mwenyewe, aliyekuwa amevunjiwa heshima mara moja hospitalini, alitazamwa na watu wasiohesabika akiwa katika hali ambayo hakuna mtu angependa kutazamwa.

Kwa nini habari ya hasira hukimbia

Mitandao ya kijamii haisambazi kila kitu kwa kasi moja. Watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichunguza takriban habari 126,000 zilizosambazwa kwenye Twitter, sasa X, kati ya mwaka wa 2006 na 2017. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la Science, yalionyesha kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko za kweli. Waliokuwa wakizisambaza ni watu wa kawaida, si programu za kompyuta pekee, kwa sababu habari hizo zilikuwa ngeni na za kushtua.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka wa 2017, ulipima maneno yenyewe. Kila neno moja la kugusa hisia na maadili pamoja, kama vile aibu au uovu, liliongeza usambazaji wa ujumbe kwa karibu asilimia 20.

Matokeo hayo yanaeleza mengi kuhusu visa vya hospitalini. Ujumbe unaosema kwamba mgonjwa alisubiri saa 5 kwa sababu kulikuwa na daktari mmoja na chumba kimoja cha upasuaji haufiki mbali. Ujumbe unaosema daktari katili amemwacha mama afe hufika kila mahali. Anayeandika huenda hana nia ya kudanganya. Ana uchungu, na uchungu huchagua maneno yake. Kila anayeupitisha huongeza chumvi kidogo, au huondoa tarehe na mahali. Ndiyo maana video ya miaka 3 iliyopita, kutoka kaunti nyingine au hata nchi nyingine, huibuka ikisemekana imetokea leo asubuhi katika hospitali ya hapa.

Waswahili walishasema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Familia husimulia ilivyoona, na wahudumu husimulia walivyoona. Kwenye mitandao, aliyetangulia ndiye anayeaminika, na maelezo yanayofuata huonekana kama visingizio.

Kosa la wengi, sura ya mmoja

Mapema Machi 2018 iliripotiwa kwamba mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, alifunguliwa kichwa kwa upasuaji wa ubongo ambao haukuwa wake. Alama za utambulisho za wagonjwa wawili zilikuwa zimechanganywa. Mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda; mwingine alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji upasuaji. Kosa liligunduliwa baada ya saa kadhaa. Wahudumu 4 walisimamishwa kazi na afisa mkuu wa hospitali akatumwa likizo ya lazima.

Umma uligawanyika papo hapo. Upande mmoja uliuliza ni daktari gani huyo asiyemjua mgonjwa wake. Madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa hospitalini humo waliweka vifaa chini wakipinga kusimamishwa kwa mwenzao, wakisema makosa yalianza kabla mgonjwa hajafika mikononi mwake. Mabishano yakawa ya madaktari dhidi ya wananchi, na swali la msingi likasogezwa kando: mgonjwa alipitaje mikono yote hiyo kutoka wodini hadi mezani bila mtu kugundua?

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alifananisha ulinzi wa hospitali na vipande vya jibini vyenye matundu vilivyopangwa kwa safu. Kila kipande ni kinga: anayeandika jina, anayefunga alama mkononi, anayempeleka mgonjwa, anayetoa dawa ya usingizi, anayepasua. Kila kinga ina tundu lake, na kwa kawaida kipande kinachofuata huliziba. Ajali hutokea siku matundu yote yanapokaa kwenye mstari mmoja. Kumfuta kazi mtu wa mwisho kwenye mstari hakuzibi tundu la kwanza.

Dawa ya tatizo la aina hii inajulikana. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya hoja 19 za kuthibitishwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kukatwa, na kabla ya kutolewa chumbani. Jina lake ni nani? Upasuaji ni upi? Ni upande gani? Orodha hiyo ilipojaribiwa katika miji 8 duniani, ukiwemo Ifakara nchini Tanzania, vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hatua kama hii huokoa maisha, lakini haina mtu wa kulaumiwa, kwa hivyo ni nadra kuzungumziwa mitandaoni.

Ukimya wa hospitali

Swali linaloulizwa sana chini ya kila chapisho ni hili: kama hawana hatia, mbona hawajibu?

Sehemu ya jibu iko katika sheria. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Ndugu wa mgonjwa anaweza kueleza mtandaoni anachojua. Daktari hawezi kujibu kwa kutaja ugonjwa, vipimo, dawa alizokataa mgonjwa au saa aliyoletwa akiwa amezidiwa. Akifanya hivyo, amevunja sheria na kiapo chake, hata kama kila anachosema ni kweli. Ndiyo maana umma husikia upande mmoja kwa urefu na upande wa pili kwa sentensi mbili kavu.

Sheria hiyo haiwi kisingizio cha kunyamaza kabisa. Bila kugusa siri ya mtu yeyote, msimamizi wa hospitali anaweza kuthibitisha kwamba lalamiko limepokelewa, kueleza ni nani anayelichunguza na majibu yatatoka lini, na kuipa pole familia. Anaweza pia kueleza utaratibu wa kawaida wa huduma inayozungumziwa. Familia nazo zina haki ya kuelezwa zaidi ya hayo faraghani. Sheria ya Afya inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, vipimo na matibabu yaliyopo, hatari zake na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa. Mgogoro mwingi ungezimwa hapo, kabla simu haijatolewa mfukoni.

Yasiyoonekana kwenye video

Baadhi ya mambo yanayowaudhi wagonjwa yana maelezo ambayo hayasemwi vya kutosha.

La kwanza ni mpangilio wa kuhudumiwa. Katika kitengo cha dharura wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao, si kwa saa waliyofika. Mtoto mwenye degedege au mtu anayevuja damu hupita mbele ya aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Anayerekodi akiwa kwenye benchi huona upendeleo. Hospitali inayobandika maelezo ya utaratibu huo ukutani, na kumpa mhudumu mmoja jukumu la kuwaeleza wanaosubiri, hujiepusha na ugomvi mwingi.

La pili ni daktari aliye kwenye simu. Picha ya aina hii hupendwa sana mitandaoni. Huenda kweli anacheza, na kama ndivyo anastahili kuripotiwa. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo anayotumia kumuuliza daktari bingwa aliye mbali, kuhesabu kipimo cha dawa ya mtoto, kutafuta damu au kupanga ambulensi ya rufaa. Picha haisemi ni lipi kati ya hayo. Mgonjwa anaweza kuuliza, na mhudumu akizoea kusema, “Mama, nipe dakika mbili, nampigia daktari wa watoto kuhusu huyu mwanao,” shaka huisha.

La tatu ni malipo. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, karani wa dirishani ndiye anayebeba lawama mfumo unapokwama au usajili unapokataa. Anayefokewa hana uwezo wa kurekebisha kilichoharibika, na anayefoka ana mgonjwa anayeumwa. Wote wawili wako mwisho wa mlolongo ambao haukuanzia hapo.

La nne ni migomo. Mgomo wa madaktari wa 2016 na 2017 ulichukua siku 100, na wa mwaka wa 2024 ulichukua siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8. Chanzo kilikuwa makubaliano kati ya chama chao na waajiri wao, ambao ni serikali ya kitaifa na za kaunti. Aliyeumia zaidi ni mgonjwa, na mtandaoni hasira yake iliishia kwa daktari mmoja mmoja. Hasira kama hiyo haiishi siku mgomo unapositishwa; hurudi naye kwenye foleni.

Gharama ya hukumu ya haraka

WHO inakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya duniani hushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Mhudumu anayeogopa kupigwa au kurekodiwa huanza kujilinda: huwahi kuandika rufaa kwa mgonjwa ambaye angeweza kumtibu, huagiza vipimo visivyohitajika, na huongea machache. Anayelipia yote hayo ni mgonjwa anayefuata. Sheria ya Afya inampa mhudumu haki ya mazingira salama ya kazi, na inamruhusu kukataa kumhudumia anayemtukana au kumshambulia, isipokuwa katika hali ya dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine.

Kwa wananchi, hatari kubwa ni hofu. Mama mjamzito aliyesikia mfululizo wa visa vibaya kuhusu hospitali fulani anaweza kuamua kujifungulia nyumbani, na damu ikimtoka kwa wingi kule, dakika za kumwokoa ni chache.

Na mlalamishi mwenyewe mara nyingi hupoteza. Chapisho likizungumzwa na watu 10,000, familia hudhani lalamiko limeshafika. Baada ya siku 4 watu wamehamia kisa kingine, hakuna barua iliyopokelewa na ofisi yoyote, na hakuna aliye na wajibu wa kisheria wa kujibu. Ushahidi ambao ungekusanywa mapema, kama vile majina ya waliokuwa zamu au uchunguzi wa maiti, unakuwa mgumu kupatikana.

Jinsi ya kulalamika ili ujibiwe

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa na lalamiko lake kuchunguzwa. Haki hizi zipo kwa mgonjwa wa zahanati ya kijijini kama zilivyo kwa mgonjwa wa hospitali ya rufaa.

1. Andika mapema. Weka tarehe, saa, idara, na jina la mhudumu kama lilivyo kwenye beji. Hifadhi kadi, risiti na karatasi za vipimo. Mgonjwa akifariki na familia ikiwa na shaka, iombe uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi.

2. Anzia kituoni. Peleka barua kwa msimamizi wa kituo na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Asiyejua kuandika anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini au na mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lake.

3. Usiporidhika, nenda kwa idara ya afya ya kaunti, ukiambatisha nakala ya barua ya kwanza.

4. Lalamiko la kitaaluma dhidi ya daktari, au dhidi ya hospitali yenyewe, hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Wauguzi na maafisa wa kliniki wana mabaraza yao. KMPDC lina mamlaka ya kuonya, kutoza faini, kusimamisha leseni au kuifuta.

5. Ukipuuzwa na ofisi ya umma, Ofisi ya Ombudsman hupokea malalamiko. Picha au taarifa zako za afya zikianikwa, mwendee Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ukipigwa au kudhulumiwa kimwili, ripoti kwa polisi. Mahakama nazo zipo, kama kisa cha Bungoma kinavyoonyesha.

Hatua hizi hazimzuii mtu kusema hadharani. Uhuru wa kujieleza umo katika Katiba. Anayechapisha anashauriwa kutaja tarehe na mahali, kueleza alichokiona mwenyewe, kuficha nyuso za wagonjwa wengine, na kumwomba mgonjwa idhini. Anayepokea naye ajiulize maswali mawili kabla ya kupitisha: hii imetokea lini na wapi, na je, mgonjwa anayeonekana hapa angependa nione?

Sheria ya Afya inataka utaratibu wa malalamiko ubandikwe katika kila kituo cha afya, mahali ambapo kila anayeingia anaweza kuuona. Ukifika katika kituo chochote cha umma au cha kibinafsi na usiuone ukutani, mwulize msimamizi. Asipokuwa na jibu, hilo lenyewe ni jambo la kuripotiwa kwa idara ya afya ya kaunti.